Nyanya za Shina la Zambarau

Jumatatu, 3 Machi
Tanuri limekufa tena. Tunachokata kwenye nyanya zetu lazima kichomwe siku hiyo hiyo — majani, matunda, hata glavu. Hizi si nyanya za mchuzi. Tumezibadilisha jeni zitengeneze dawa ya kushusha presha, na shina tukalitia zambarau tusizichanganye na za kawaida. Mkuu wa maabara, tunayemwita Bwana Subiri, kasema tufunge magunia tuyaweke nyuma, fundi anakuja. Fundi gani? Maneno matupu.

Alhamisi, 20 Machi
Magunia hayapo. Mtunza bustani anasema yalikuwa yananuka, kayamwaga kwenye lundo la mbolea. Nimemweleza Bwana Subiri. Eti yameshaoza, nisikuze mambo. Haya. Roho haijatulia.

Jumapili, 22 Juni
Kwa mama mkwe. Kanishika mkono: mkwe wangu, njoo uone, sikupanda hata mbegu moja! Nyanya tele uani. Mashina ya zambarau. Nikauliza kaweka mbolea gani. Mbolea kaletewa na mwanawe, yaani mume wangu, kapewa bure na mtunza bustani wetu. Mimi sina habari.

Ameanza kuzila. Na vidonge vyake vya presha anameza kila siku.

Nimeng'oa zote. Nikasema zina ugonjwa. Kanuna — kumbe una kijicho hata na mboga zangu. Mbichi haziwaki, nikazirundika nyuma ya nyumba, nitarudi kuzichoma zikikauka. Bwana Subiri kwenye simu: usimwambie mtu, tutaongea kesho.

Jumatatu, 23 Juni
Hospitali, kwenye benchi. Mama mkwe kaanguka bafuni. Presha iko chini mno. Daktari kauliza kameza vidonge vingapi. Kimoja tu, mume wangu anaapa. Bwana Subiri anapiga, anapiga. Nimemkatia. Nimemwambia daktari yote.

Mume wangu ananitazama kama hanijui. Ulijua jana? Nilijua. Naogopa hata kumgusa.

Daktari: nani mwingine amekula?

Mume wangu kakaa chini, pale pale sakafuni. Anasema jana tulipoondoka Mama aliyachuma matunda yote kwenye lile rundo. Chakula hakitupwi, alimwambia usiku kwenye simu. Ndoo nzima kampa jirani yake, mpishi wa shule ya msingi.

Nampigia mpishi. Inaita tu. Saa hizi wanapakua.