Nyuzi Arobaini na Tisa

Brussels, 9 Julai

Mjomba Shebwana,

Nakuomba sana, neno lolote la barua hii lisimfikie mtu mwingine. Ukishaisoma, ifute.

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na chakula cha kambini kinapita. Mimi ni mzima, ila nina hofu. Fomu ya joto unayonitumia picha yake kila saa sita mchana, nami naiingiza kwenye kompyuta hapa ofisini, wiki tatu sasa inasema nyuzi 49. Katika picha ya jana, nyuma ya kidole chako, kipimajoto kinaonyesha 53. Kanuni ya kampuni unaijua: ikifika 50, mtu hashuki kwenye mtaro wa mabomba. Mjomba, kwa nini? Bosi wangu Élodie bado hajaona. Niko kwenye miezi ya majaribio, lakini ndugu wa mama umebaki wewe tu.

Mpwa wako,
Kadiri

Kuwait, jangwani, 10 Julai

Mwanangu Kadiri,

Marahaba. Afya ipo, jasho ndilo limekwisha. Unaniuliza mimi? Fomu ya kwanza niliandika 51. Ikarudi na muhuri mwekundu wa kurekebisha, chini yake jina lako. Nikasema, aha, Ubelgiji hawataki hamsini, na kijana wangu ametumwa. Ningebisha, si ungefukuzwa wewe? Tangu hapo naandika 49, tunashuka. Na leo umepata wapi ushujaa, wewe uliyekuwa ukikimbia kuku?

Jana Onésime, mchomeleaji wetu Mkongo, alianguka mtaroni. Yuko hospitali. Alikuwa akiniita kwa jina la mkewe.

Mjomba wako

Brussels, 10 Julai, saa nane mchana

Mjomba, shikamoo. Leo sitauliza hali.

Niliirudisha kwa sababu haikuwa na sahihi yako! Nambari ilikuwa sawa. Hakuna aliyenituma. Andika unachokiona, na watoe watu sasa hivi. Naenda kumwambia Élodie.

Mpwa wako

Brussels, 13 Julai

Mjomba, siku tatu hakuna fomu wala jibu. Tuma hata nukta moja.

Mpwa wako

Kuwait, 14 Julai

Mwanangu,

Tu wazima wote. Simu ilikufa kwa joto, leo nimepata ya kuazima. Nilipokusoma niliandika 52, watu wakatoka, tumelala kivulini kama mabwana. Onésime amerudi, anadai chai, na anakana kabisa habari za mke.

Mjomba wako

Brussels, 14 Julai

Mjomba, shikamoo, na Mungu ashukuriwe.

Nimekusoma nikiwa kwenye ngazi za ofisi, nikakaa chini hapo hapo, watu wakanipita. Élodie alinisikiliza akiwa amesimama. Akasema, “Kadiri, sahihi ikikosekana unapiga simu, hugongi muhuri.” Basi. Kazi ninayo. Nanyi mtafanya kazi alfajiri tu mpaka joto lishuke. Barua yake inakuja.

Sasa sikiliza. Karatasi yangu yoyote ikikutatiza, usikae nayo. Nambari ya ofisi achana nayo, piga yangu. Kazini huwa nimezima sauti, kwa hiyo piga mara mbili mfululizo, nitaona na nitatoka nje. Nisipopokea, piga saluni ya Graciella, msusi jirani yangu kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles. Nambari yake nakutumia sasa hivi. Chumba changu kiko karibu nao. Waambie mjomba wa Kadiri anamtaka, wataniita.

Mpwa wako,
Kadiri