Mbuzi Nao Wamevunja Jungu

Shoga yangu Mwanaisha,

U hali gani, na mama hapo Takaungu hajambo? Mimi niko Malindi kwa dada, na pwani yao ya mji nimeiona. Ile tuliyoijua, ya chupa na matumbo ya samaki, haipo tena. Vijana wameisafisha, kaa wamerudi mchangani, na kule juu maji yasikofika wamepanda miche ya mivinje, kila mche na ua wake wa fito.

Jana tulikwenda kuvunja jungu, maana Ramadhani i mlangoni. Pilau, samaki wa kupaka, kaseti ya taarabu inalia. Mume wa dada, tangu tufike ni kuhubiri tu: "Pwani hii tumeifufua sisi! Walioiharibu ni watu wasio na ustaarabu." Kifua mbele, utadhani bahari kaichimba yeye.

Chakula kilipopakuliwa, wanawake tukataka pazia, tusile machoni pa wapita njia. Bwana mkubwa akang'oa fito za miche yote, akatutundikia leso. "Nitazirudisha," akasema, akarudi kwenye sinia lake na hotuba yake.

Punde tukasikia kutafuna nyuma ya leso. Tukachungulia: mbuzi! Hakuna mche uliosalia na jani.

"Mbuzi wa nani hawa?" akafoka shemeji.

Dada hata hakuinua uso. "Wako."

Haya, shoga. Nakuombea funga nyepesi. Shemeji namwombea haya.

Akupendaye,
Fatma