Albamu Isiyo na Mwimbaji

Chumba Na. 6, Ghorofa ya Pili,
Juu ya Duka la Vitambaa.
Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo wewe na wote wa nyumbani kwako? Goti lako linaendeleaje na zile ngazi za kazini? Sisi huku ni wazima. Mama bado ana kikohozi chake cha asubuhi, lakini nguvu za kunigombeza hazijapungua hata chembe, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Barua yako niliipata. Umeniuliza kama ni kweli nimeacha gitaa. Anayekupelekea habari huko amekupelekea mchuzi akasahau nyama. Nilichoacha ni bendi ya harusi, Shangazi, si gitaa. Miaka kumi na minne nilisimama nyuma ya mwimbaji, na kila nikianza kupiga kitu changu, kiongozi ananigeukia: "Punguza, dada. Watu hawakuja kusikiliza nyuzi." Siku moja nilipunguza mpaka nikafunga mkoba na kwenda zangu nyumbani. Sikugombana na mtu.

Tangu hapo mchana nashona nguo za watu, jioni tunafanya mazoezi, tuko wanne. Shemeji, yule seremala aliyemwoa mdogo wangu, anapiga ngoma. Besi anapiga mwalimu mmoja wa hesabu, sisi tunamwita Mwalimu tu. Kinanda ni cha Fundi Redio, ambaye pia ndiye anayejua mambo ya kurekodi. Muziki wetu ni jazi iliyooana na roki: ngoma nzito, gitaa la umeme linalonguruma, halafu katikati kila mtu anaachiwa njia aseme lake. Haimbi mtu. Tulitunga vipande saba, tukasema lazima viwe albamu.

Tulianzia studio. Mwenyewe alisikiliza vipande viwili, akafurahi, kisha akauliza, "Sasa mwimbaji mnamleta lini?" Nikamwambia hakuna. Akacheka, akidhani natania. "Dada, hii ni nyumba nzuri, lakini haina watu. Nina binti hapa, siku mbili tu ameshaweka maneno." Wenzangu wakanitazama. Nikasema, "Watu wamo ndani. Ni hawa wanne." Tukabeba vyombo vyetu, tukatoka.

Basi tukaamua kurekodi kwenye karakana ya Shemeji, siku za Jumapili, misumeno ikiwa imelala. Tuliegemeza magodoro ukutani, tukafagia vumbi la mbao mpaka tukapiga chafya. Hatujakaa sawa, Shemeji akaitwa kazini kwenye kiwanda cha samani, mbali na huku, aripoti mwisho wa mwezi. Tukabakiwa na Jumapili tatu.

Sasa sikia hili, na usimwambie Mama kwamba nimekuandikia habari hii, maana yeye nilimwambia nimejikwaruza. Jumatano kabla ya Jumapili ya kwanza nilikuwa nashona suruali ya sare. Kitambaa kikavuta, sindano ya cherehani ikazama kwenye kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto, ikavunjikia humo humo. Niliona nyota mchana. Kwenye zahanati waliitoa, wakakifunga kidole kama mtoto mchanga, wakaniambia nisikiguse wiki sita. Mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi, Shangazi, na kidole hicho ndicho mkubwa wa kazi. Wengine wanamfuata yeye.

Shemeji alipoona bendeji alikaa juu ya gogo. "Tuahirishe," akasema.

"Tukiahirisha, wewe hutakuwepo," nikamjibu. "Tukiahirisha tumeacha."

Nilisema kwa ukali mpaka nikajishangaa mwenyewe. Siku zile nne sikushona hata kifungo. Nilikaa na gitaa nikaanza upya kama mwanafunzi, kwa vidole vitatu. Kile kidogo cha mwisho, ambacho maisha yake yote kilikuwa mgeni wa kukaribishwa chai, nilikipa jembe. Kufika Jumamosi kilikuwa kimevimba. Nililia mara moja, kwa hasira, nikafuta machozi nikaendelea.

Vipande vilibadilika. Mahali nilipozoea kukimbia sikuweza tena kukimbia, nikaacha nafasi, na Mwalimu akaingia hapo na besi yake bila kuambiwa na mtu. Kipande cha tatu, nasema bila haya, kimekuwa kizuri kuliko kilivyokuwa. Lakini nisikudanganye: kile cha kasi, nilichokipenda kuliko vyote, kilinishinda. Tulikirudia mara kumi na saba. Jirani yetu mchomelea vyuma, aliyezima mashine yake kwa hisani, alichungulia dirishani akauliza, "Bado tu?" Nikasema basi, kitolewe. Iliniuma kuliko sindano.

Jumapili ya tatu, saa kumi alasiri, tulipiga kipande cha mwisho, dakika tisa bila kukata. Fundi Redio akazima mashine, akavua vile vya masikioni, akasema, "Hiki sirudii." Shemeji akaweka vijiti vyake juu ya meza ya randa, akainama. Nilijua analia. Nikajifanya nakunja nyaya.

Aliondoka Alhamisi iliyofuata. Tunatafuta mpiga ngoma, na tutampata. Kidole kimepona ila ncha ina ganzi. Kile kipande kilichonishinda nimeshaanza kukipiga tena, polepole, kila siku kabla ya kufungua cherehani. Kitakuwa cha kwanza kwenye albamu ya pili. Mwenye kutaka kucheka na acheke.

Albamu yenyewe nilimpelekea Mama Jumamosi. Alikuwa anakunja nguo. Kipande cha kwanza kikapita, akauliza, "Ataanza kuimba saa ngapi?" Nikamwambia haimbi mtu. "Kwa nini? Mmekosana naye?" Nikaongeza sauti ya redio. Kufika cha tatu, nguo zilikuwa zimebaki mapajani. Alisikiliza dakika zote thelathini na nane, mama yangu ambaye hajawahi kukaa kimya hata msibani.

Mwishowe akasema, "Hawa watu walikuwa wanagombana."

"Ndiyo, Mama. Kidogo."

"Halafu wakapatana."

"Wakapatana."

Akafikiri, kisha akanyoosha kidole kwenye redio. "Hebu rudisha pale walipopatana."

Nakala yako iko ndani ya bahasha hii. Isikilize yote kwa siku moja, na uniandikie ukweli, hata kama ni mchungu.

Nisalimie mzee wako, binamu zangu pacha, na yule dada wa jirani anayekupeleka kliniki. Mdogo wangu anakusalimu kutoka huko alikohamia, na Mama anasema usipomwandikia naye atakununia. Mungu akutunze, akulainishie hilo goti, akuongezee siku njema zaidi ya ulizomwomba.

Wako akupendaye siku zote,
kifungua mimba wa kaka yako.