Filamu ya Fungate Iliyojaa Ndege

Mpendwa mshauri, kwa heshima na taadhima nawatangazia wakazi wote wa Uthiru kwamba ndege thelathini na sita wamepatikana salama ndani ya mkebe wa biskuti. Naomba msaada kabla mke wangu hajawaona.

Mimi ni mpiga picha wa River Road, studio naifunga mwezi huu kwa sababu siku hizi kila mtu ana kamera ya dijitali na hakuna anayehitaji mzee wa kumwambia ainue kidevu, na nikitafuta nafasi ya vyombo vyangu nyumbani nikakuta negativu za picha za fungate yetu ya 1986 kule Malindi, ambazo kwa miaka ishirini nimemwambia Naliaka ziliingia mwanga zikaharibika, kumbe asubuhi ile niliona ndege wadogo wenye miguu kama njiti wakikimbizana na mawimbi, nikalala kifudifudi mchangani na suruali ya harusi, nikamtuma bibi harusi azunguke upande wa pili awasukume kwangu polepole, akawasukuma saa nzima, wakaja hadi nikaona mchanga midomoni mwao, filamu ikaisha, na yeye sikumpiga picha hata moja. Sasa tunatimiza miaka ishirini ya ndoa, kanisa litatuombea, na binti yetu Anita anataka picha ya fungate. Nizichome?

Zadock

Zadock, nakuhurumia, lakini kidogo tu. Unamfanya bibi harusi mchungaji wa ndege, halafu unasingizia mwanga? Usichome kitu. Zitoe picha zote, na safari hii angalia nyuma ya ndege. Mpelekee mwenyewe, useme ukweli kabla hujaketi. Kisha uniandikie ilivyokuwa, bila kupamba.

Wanjugu

Mshauri, ilivyokuwa ni hivi. Karibu kila picha, nyuma ya ndege, yuko Naliaka, ukungu mtupu, ameshika gauni, anacheka. Nilimpa nikiwa nimesimama. Akazipitia zote.

"Baba Anita, huo mkebe nimeuhamisha nyumba nne," akasema. "Nilikuwa nangoja uufungue."



Jumamosi, siku ya mwisho ya studio, alikuja akaketi mbele ya pazia. "Nikae hivi, ama kuna ndege mahali?"

Nilimpiga picha zote thelathini na sita. Nyingi zina ukungu, na sasa siwezi kusingizia mwanga.