Kazo ya Tatu na Kiti cha Sakariye

Garissa, 9 Machi 2024

Ndugu yangu Abdilatif,

Assalamu alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Joto limetukausha lakini halijatumaliza, na Ramadhani inabisha hodi. Watoto hawajambo? Kifua chako kimeizoea baridi ya Japani? Naandika kwa sababu ujumbe wa sauti unausikiliza ukivuka barabara, barua lazima ukae. Na naandika Kiswahili kwa sababu shule ilitufunza kuandika lugha za wengine, ya mama ikabaki mdomoni.

Kazo ya tatu, gari letu jipya, imefika kutoka Mombasa. Nimeikagua kama mbuzi wa soko la Griftu, meno mpaka kwato. Sasa nisikilize, wewe unayekula mshahara wa kiwanda kinachoziunda. Kazo ya kwanza, ile ya baba, ilikuwa na mlango mmoja wa kusukuma na injini iliyomwoka dereva makalio, lakini ilibeba ukoo mzima. Toleo la pili mkaleta milango miwili na viti vya kukunja, kisha mkaondoa tairi la akiba na kututupia chupa ya gundi ya kuzibia tundu, ati bei ishuke. Nafuu kwa nani? Mchoraji wenu hajawahi kuona mwiba wa mgunga. Mdogo wetu Sakariye aliuona, katikati ya Wajir na Elwak. Gari lilipatikana limefungwa milango, chupa ya gundi imekamuliwa yote. Yeye hakupatikana, na huu ni mwaka wa tano.

Hii ya tatu mlango unajifungua wenyewe. Na inalia. Kwenye dashibodi kuna picha ya viti saba. Kila nikiondoka, cha nyuma kushoto kinawaka chekundu na kengele inasema aliyekaa pale hajafunga mkanda. Pale hakuna mtu. Unajua palikuwa pa nani katika kila gari la nyumba hii. Mpaka leo hakuna anayepakalia, wala sikutoa amri.

Nieleze.

Dada yako,
Abaayo Maka

*

Japani, 14 Machi 2024

Abaayo Maka,

Wa alaykumu salaam, na funga njema. Kifua kimepona. Watoto wanakusalimia kwa Kisomali ambacho ukikisikia utachapa mtu, na huyo mtu ni mimi.

La tairi sina utetezi. Watu wa hesabu walitaka gari jepesi na bei ya chini; sisi wa milango tuliambiwa tushughulike na milango.

La kengele ni rahisi. Chini ya kitambaa cha kiti kuna utando mwembamba unaohisi uzito. Umesahau pale dumu la maziwa ya ngamia? Liondoe. Au funga mkanda juu ya kiti kitupu, itanyamaza. Na punguza vitabu vya majini.

Nduguyo,
Walaal Abdilatif

*

Garissa, 2 Aprili 2024

Walaal Abdilatif,

Salaam. Tunafunga, tunafuturu, tunashukuru. Na majini uwaache, nilisoma zaidi ya wewe kabla hujajua kushika bisibisi.

Kiti ni kitupu. Nilifunga mkanda kama ulivyosema. Kengele haikunyamaza. Asubuhi nilipofungua gari, mkanda ulikuwa umeachiliwa, umerudi mahali pake. Nikamwita fundi Kerrow. Alipanda, akasikia, akashuka bila kuomba hata ya chai, na wewe unamjua Kerrow.

Juzi nilimpeleka Bilan, mke wa Sakariye, kwa mama yake. Kengele ikalia. Bilan hakugeuka hata shingo. Akasema, "Abaayo, baada ya Idi nataka kwenda kwa kadhi anifungue ndoa hii. Nimechoka kuwa mke wa barabara."

Nikamwambia, "Husikii? Mumeo yumo garini na wewe unataka kufunguliwa?"

"Kama yumo," akasema, "mbona hajaniuliza hali?"

Kadhi anataka kuwasikia watu wa mume. Baba ametangulia, wewe uko huko, nimebaki mimi. Siendi kusema kwamba Sakariye amekufa. Nakutumia nambari ya chasi. Itazame, kisha uniambie ni nani anayekaa pale.

Abaayo Maka

*

Japani, 20 Juni 2024

Abaayo,

Salaam nyingi. Natumai joto limepungua na goti lako limetulia. Nisamehe kimya. Sikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa natafuta namna ya kutokukuandikia hili.

Gari lako ni la daraja la bei ya chini kabisa. Ili familia za kawaida ziweze kulinunua, vihisio vya uzito viliwekwa kwenye viti viwili vya mbele tu. Picha ya viti saba ni ile ile ya gari ghali, lakini vya nyuma havikuunganishwa na chochote. Sikuamini karatasi. Nilikwenda ghalani na mwenzangu, tukachana kitambaa cha kiti cha gari lililotoka siku moja na lako. Abaayo, hakuna utando. Hakuna waya. Hakuna cha kuliza kengele.

Liuze. Na umwachilie Bilan. Sijui ni nani amekaa nyuma yako, lakini Bilan yu hai, na anazeeka.

Abdilatif

*

Garissa, 25 Juni 2024

Abdilatif,

Salaam. Goti halijambo. Moyo ndio sikwambii.

Ulinicheka, sasa unaniambia nimuuze ndugu yetu pamoja na gari! Mlimpunguzia tairi, mkapunguza na nyaya, na bado amepata njia ya kukaa nasi. Hilo mlipange kwenye toleo la nne.

Kadhi ataniuliza swali moja: mna habari yoyote ya mtu huyu? Nikisema ndiyo, Bilan anabaki alivyo. Nikisema hapana, nimemshusha Sakariye porini kwa mdomo wangu.

Jana Bilan alisimama mlangoni pangu. "Abaayo, umegombana na chifu. Umegombana na kila mzee anayemwoza binti aliye shule. Kwangu mimi umekuwa mzee kama wao."

Nilimfukuza. Kisha nikakaa jikoni na sikukumbuka nilitaka kupika nini.

Maka

*

Japani, 3 Agosti 2024

Abaayo Maka,

Salaam. Nimepiga simu, hushiki. Nimezoea ukali wako. Kimya chako sikijui. Mko wazima? Ulimjibu nini kadhi?

Walaal wako

*

Garissa, 17 Agosti 2024

Walaal wangu,

Amani ya Mungu iwe juu yako na watoto wako. Sote tuko salama, na salama hii nimeipima kabla ya kuiandika.

Tulikwenda juzi Alhamisi. Gari nililiacha juani, vioo juu, toka asubuhi mpaka adhuhuri. Kadhi aliuliza lile swali. Nilikuwa na hoja zangu, unanijua. Nikatazama mikono ya Bilan, nikaona ametoa pete na kuivaa tena mpaka kidole kimechubuka. Nikasema, "Hatuna habari yoyote." Mwenye habari huifikisha mlangoni. Kengele humwamsha mtu tu, kisha humwacha gizani. Bilan amefunguliwa. Sasa anakaa eda.

Tuliporudi garini usukani uliniunguza, nikaushika kwa ncha ya shungi. Bilan hakukaa mbele. Alipita mpaka nyuma kushoto, akakaa. Nikawasha gari. Hapakuwaka kitu. Hapakulia kitu. Tulifika karibu na Bulla Iftin na bado kimya, mimi nimetega masikio kama mwendawazimu.

"Abaayo, simama."

Nikasimama.

"Njoo uweke mkono hapa."

Nilipita kati ya viti, na kila nilichoshika kilinichoma. Akainuka kunipisha. Kiti chake kilikuwa baridi. Si baridi ya kivuli, Abdilatif. Baridi ya maji yaliyo chini kabisa ya kisima. Nilikandamiza kiganja mpaka mifupa ikauma.

Bilan akauliza, polepole, kama anayemuuliza mtoto aliyelowa mvua, "Alikuwa wapi, mpaka akawa hivi?"

Mimi, Maka, nikasoma inna lillahi.

Basi habari tumeipata, baada ya kusema mbele ya kadhi kwamba hatuna. Ijumaa ijayo msikiti utamswalia maiti asiyekuwepo. Na wewe simama huko uliko, uelekee kibla, umswalie.

Usiniandikie sababu. Gari liko uani, juani, siku ya tatu, na kiti hakijapata joto.

Dada yenu, wewe na yeye,
Maka