Nimemzomea Mjukuu wa Mtu

Verlyn upo? Ardhi ipasuke inimeze!

Niko baa kwa Krueger, tunaangalia timu za besiboli zikichagua chipukizi. Msimamo wangu unaujua: tuchukue mrushaji mpira kutoka chuo kikuu, aliyekomaa. Duane, hapa kando yangu, anang'ang'ania mtoto wa sekondari. Tumebishana mpaka jibini la kukaanga limepoa.

Timu yetu ikachagua mtoto wa sekondari!

Nilizomea, Verlyn. Nilizomea mpaka baa nzima ikageuka. Nikapiga kelele, "Huyo bado ananyonya!"

Kumbe bibi wa kiti cha pili, yule niliyemwomba haradali, ana simu sikioni. Akasema taratibu, "Unayemzomea ni mjukuu wangu, na anakusikia. Hajasaini bado, baba. Akichukia, anaenda zake chuo."

Duane akanitolea macho. "Ukitukosesha huyu mtoto, utahama mji!"

Bibi akaweka spika, akanisogezea simu.

Nikasema, "Karibu nyumbani, bingwa! Mimi nilikutaka wewe tangu mwanzo!" Duane akapaliwa na bia.

Mtoto akacheka. "Asante, mzee. Sasa huyo aliyesema bado nanyonya ni nani?"

Bibi ananitazama tu, huku anamaliza jibini langu.

Nisamehe, ndugu yangu. Nilitaja jina lako.

Habari njema ni kwamba anasaini. Ila kasema siku yake ya kwanza uwanjani, kabla hajarusha mpira, lazima akuone.