Aya ya Pili

Kasulu, 10 Agosti 1997

Mwanangu Verediana,

Kosa la watu wengi wanapoandika wasifu wa mtoto ni kumsifu. Wanaandika "mpole, mtiifu, mcha Mungu", utadhani wanauza mbuzi asiyepiga watu pembe. Ukisoma wasifu wa namna hiyo kwa darasa zima, hutajua nani ni nani.

Nimeanza na hilo kabla ya salamu, unisamehe. Ndivyo ualimu unavyomharibu mtu. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limeamua kustaafu miaka minne baada yangu. Wewe je? Kile kikohozi cha Juni kimekwisha?

Mkuu wenu wa shule ameniandikia kwamba siku ya mahafali kila mhitimu wa kidato cha nne atasomewa ukurasa mmoja ulioandikwa na mzazi au mlezi wake: tabia yake, shughuli zake shuleni, na anachotarajia kuwa. Mama yako Immakulata alituma ujumbe kutoka Gwarama kwamba niandike mimi, kwa kuwa kalamu kwake ni nzito kuliko jembe. Nimekwisha kuandika, na nakala yako ni hii.

Aya ya kwanza inasema kwamba unabishana kwa upole mpaka mtu anakubali akidhani wazo ni lake. Kwamba wewe ni katibu wa klabu ya mdahalo. Kwamba unataka kufundisha hisabati. Aya ya pili ndiyo niipendayo. Inaeleza jinsi mama yako alivyovuka kutoka Burundi mwaka 1972, akiwa msichana, na mbegu za maharage zimefungwa kwenye pindo la nguo yake. Alivyofika Gwarama nilikokuwa nafundisha. Na jinsi ulivyozaliwa pale miaka saba baadaye, nikakushika siku ya ubatizo. Kwetu mtu hatambulishwi mpaka isemwe wazazi wake walitoka wapi. Asiyejulikana atokako huketi mlangoni. Wewe sitaki uketi mlangoni.

Baba yako wa ubatizo,
Tharsisi


Kibondo, 31 Agosti 1997

Shikamoo Baba,

Milele, amina. Kikohozi kimekwisha, nakula, nalala, na hesabu za pembetatu zimeanza kunitii. Goti ulipake mafuta ya moto, usilihutubie tu.

Huku bwenini tumecheka wasifu mpaka matroni akatuzimia taa. Longinus kaandikiwa na kaka yake kwamba atakuwa rubani. Yusta akamwuliza mbele ya darasa, "Rubani gani anayetapika kwenye basi la Kasulu?" Longinus akasema hewani hakuna makorongo. Yusta mwenyewe, nahodha wetu wa netiboli, anataka kuwa hakimu, na tayari ameanza kutuhukumu. Esteri, ninayeimba naye kwaya, baba yake ameandika mstari mmoja tu: "Mpole, mtiifu, anapenda kwaya, angependa kuwa muuguzi." Nilikumbuka mbuzi wako nikacheka. Esteri hakucheka. Aliniambia kwamba baba yake alivuka mwaka uleule aliovuka mama yangu, na kwamba mstari mmoja unatosha.

Baba, nina ombi, usinikasirikie. Aya ya pili haiwezi kuondolewa? Si kwamba naona aibu. Huku sokoni watu wameanza kusemana, nani mwenyeji na nani mgeni, nani anastahili kupelekwa kambini kwa wakimbizi. Labda isomwe ile ya kwanza peke yake.

Binti yako,
Vere


Kasulu, 9 Septemba 1997

Mwanangu Vere,

Sijakasirika. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama, goti likiruhusu. Sote wazima, na mvua za kwanza zimetunong'oneza bila kunyesha.

Nikueleze. Nilipokuwa nafundisha, mwanafunzi akikata mstari kwenye daftari, macho yangu yalikwenda moja kwa moja pale alipokata. Ukificha kitu, unawaonyesha watu mahali pa kutazama. Ulizaliwa Gwarama, umesoma Gwarama, hapana mtu wa kukutilia shaka. Maneno ya sokoni huisha soko likifungwa. Tena fikiria mama yako atakavyokuwa ameketi pale, asikie safari yake ikisomwa mbele ya wakubwa. Nani mwingine atamsomea?

Aya itabaki. Nimekwisha kuituma kwa mkuu wa shule.

Baba yako,
Tharsisi


Kibondo, 5 Oktoba 1997

Shikamoo Baba,

Natumaini goti limepata nafuu. Mimi mzima, tunasoma mpaka vichwa vinawaka.

Mahafali yalifanyika Jumamosi ya tarehe 27. Mama alipanda lori la viazi tangu alfajiri akafika na unga wa vumbi kwenye nyusi. Longinus aliposomewa urubani wake, watu walicheka hata mgeni rasmi. Ilipofika zamu yangu mkuu wa shule alisoma vizuri, polepole, kama ulivyoandika. Akafika aya ya pili. Alipotaja mbegu za maharage mama akasimama, akapiga vigelegele peke yake, akaketi, akajifunika uso kwa kitenge. Sijawahi kumwona hivyo. Kwa ajili ya hilo nakushukuru, Baba.

Mgeni mmoja wa meza kuu, ambaye sikumfahamu, aliuomba ule ukurasa. Alisema ameupenda mwandiko. Akaondoka nao.

Mtihani unaanza wiki ya kwanza ya Novemba. Niombee.

Binti yako,
Vere


Kasulu, 14 Oktoba 1997

Mwanangu,

Umeona? Nimemsomea barua yako kila aliyepita hapa, na kesho nitamsomea padre. Hata mwandiko wangu umepata wa kuupenda.

Naituma saa yangu ya mkono kwa mwalimu Bazilio, anayepita Kibondo. Ndiyo niliyosimamia mitihani kwayo miaka ishirini na sita. Iweke juu ya dawati, upande wa kushoto. Soma maswali yote kwanza. Anza na unaloliweza, si la kwanza. Ukimaliza usitoke, rudi ukague. Mtoto wa kwanza kutoka chumbani mara nyingi ameacha swali nyuma ya karatasi.

Nikipata barua yako baada ya mtihani, tutazungumzia chuo cha ualimu. Chumba cha uani nimekipaka chokaa.

Baba yako,
Tharsisi


Kambini, 21 Desemba 1997

Shikamoo Baba,

Najua umeandika na hukujibiwa. Barua hii inabebwa na sista anayekuja kwenye zahanati. Mimi na mama tuko hai. Goti je?

Sikufanya mtihani. Jumanne ya tarehe 28 Oktoba, katika kipindi cha hisabati, walikuja watu wawili. Mkuu wa shule alisimama mlangoni akitazama viatu vyake. Walisoma jina langu, langu tu, wakasema wenye asili ya ukimbizi wote wanatakiwa kambini, ni amri. Mwalimu alisema, "Huyu amezaliwa hapa, na wiki ijayo ana mtihani." Wakasema ataeleza huko mbele. Huko mbele hakukuwa na wa kuelezwa. Baada ya siku mbili lori lilimleta mama kutoka Gwarama, na jembe lake mkononi. Walimkuta anapanda.

Tunalala chini ya turubai. Maharage ya mgawo hayaivi. Mama anasema hata sufuria inachoka kuyasubiri. Nafundisha watoto kuhesabu. Wananicheka kwa sababu Kirundi changu kina Kiha ndani yake. Shuleni kuna walioniita Mrundi. Hapa naitwa "Mtanzania", na wananiuliza nimekuja kuwafanyia upelelezi gani. Nawafundisha kujumlisha tu, Baba.

Saa bado inatembea. Siku ya mtihani wa hisabati niliiweka upande wa kushoto nikaketi nayo kwa muda wa saa tatu kamili.

Binti yako,
Vere


Kasulu, 11 Januari 1998

Mwanangu,

Mwidiwe, nakusalimu kwa Kiha chetu. Mpe mama yako salamu zangu, na umwambie kwamba sijui nimwambie nini.

Nimekwenda ofisi tatu. Nilibeba cheti chako cha ubatizo chenye jina langu. Afisa mmoja, kijana wa heshima, alinitolea kiti kisha akanieleza kwamba cheti hicho kinaonyesha dini, si uraia. Akauliza kama mama yako aliwahi kuomba uraia. Nikasema hapana. Akauliza kwa nini. Vere, mimi niliyewajazia fomu watu wa Gwarama yote, wa kodi, wa shule, wa kesi za mipaka ya mashamba, yake sikuijaza. Haikunijia kamwe kwamba Immakulata anahitaji karatasi ya kuwa mtu wa pale.

Kuna jambo linaninyima usingizi. Wamesoma jina lako peke yako. Basi kuna mtu aliyekutaja. Nani? Niandikie jina lake. Sitamdhuru, mimi ni mzee wa goti moja, lakini nitasimama mbele yake kanisani nimwambie alichokifanya, watu wakisikia.

Baba yako,
Tharsisi


Kambini, 22 Februari 1998

Shikamoo Baba,

Sisi wazima kidogo. Mama ana homa inayokuja na kuondoka.

Nakuomba usimtafute huyo mtu. Hakukusudia. Ananipenda, nami nilikwisha kumsamehe siku ileile, nikiwa ndani ya lori.

Saa nakurudishia kwa mkono wa Yusta, aliyekuja kunitazama. Huku vitu vinapotea, na siku mtoto mwingine akifanya mtihani utaihitaji umpe.

Usiache kupaka goti mafuta.

Binti yako,
Vere


Kasulu, 17 Mei 1998

Mwanangu Verediana,

Hii ni barua ya tatu tangu Februari. Mbili za kwanza hazikujibiwa. Sista anasema sehemu yenu ya kambi imehamishwa, na kwamba mama yako alikuwa anaumwa sana. Hajui zaidi. Atajaribu kuwatafuta.

Yusta alifika Alhamisi na saa. Alikaa kwenye kigoda, hakutaka chai. Nilimwuliza nilichokuuliza wewe. Akasema, "Babu, walikuja na ukurasa wenyewe. Mimi na Vere tuliuona mezani kwa mkuu wa shule. Aya ya pili ilikuwa imepigiwa mstari."

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Basi ulijua. Ulijua ukiandika kuhusu maharage yasiyoiva. Ulijua nilipokuahidi kusimama kanisani. Nimekwenda kanisani, Vere, nimesimama mahali pale nilipopanga, na niliyetaka kumwambia alikuwa amevaa koti langu.

Yule mwenzio wa kwaya, ambaye baba yake aliandika mstari mmoja, alifanya mtihani. Amepata daraja la pili, anakwenda kusomea uuguzi. Jina lake sitaliandika kwenye karatasi yoyote. Baba yake, ambaye watu wa namna yake niliwalinganisha na wauza mbuzi, alijua kitu ambacho miaka yangu yote ya chaki haikunifundisha: kuna wakati kumweleza mtoto ni kumtoa nje, na kumsifu tu ni kumfunika.

Uliniomba. Uliniomba kwa upole, kama nilivyoandika mwenyewe kwenye aya ya kwanza, nami nikakujibu kwa mfano wa daftari.

Nimeandika wasifu wako upya. Huu hapa, wote: Verediana, mpole, mtiifu, anapenda hesabu, angependa kuwa mwalimu.

Chumba cha uani hakijalaliwa na mtu. Saa iko dirishani, naitia ufunguo kila asubuhi.

Sikuombi unisamehe, ulikwisha kufanya hivyo bila mimi kuwepo. Sikuombi habari ndefu. Barua hii ikikufikia, andika jina lako leo kwenye kipande chochote cha karatasi, umpe aliyeileta. Usieleze kitu.

Baba yako,
Tharsisi